Kompyuta Inapokataa Kiendeshi: Ruhusa, Saini na Usalama wa Mtumiaji

Printa, skana, modemu au kamera haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Kati yao husimama programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi wa mitaani huiita draiva. Kazi yake ni ya ukalimani: hupokea amri kutoka katika mfumo endeshi, kwa mfano Windows, na kuigeuza kuwa lugha inayoeleweka na kifaa husika. Kiendeshi kikikosekana, printa mpya hubaki kuwa sanduku la plastiki lenye taa.

Makala haya yanahusu tatizo moja mahususi, nalo ni pale kompyuta ya nyumbani au ya biashara ndogo inapokataa kupokea kiendeshi kwa madai kwamba mtumiaji hana ruhusa. Tatizo lenyewe kwa kawaida ni dogo na hutatulika bila gharama. Hatari imo katika hatua zinazochukuliwa kwa pupa ili kuliondoa.

Tuchukue mfano wa duka la steshenari pale Msata, mahali ambapo barabara ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo hukutana na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Duka la namna hiyo hudurufu vyeti, huchapa barua za maombi ya kazi, huwajazia wanafunzi fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na huwasaidia wazazi kutuma RITA maombi ya vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta ni moja, tena iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika. Printa ya zamani imekufa na mpya imeletwa kutoka Kariakoo. Ndani ya boksi mna CD ya kiendeshi, ila kompyuta haina pa kuiingiza. Mwenye duka anatumia kifurushi cha intaneti cha simu yake kupakua faili lenye mamia ya megabaiti, analifungua, na kioo kinamjibu kwa Kiingereza: «Access is denied». Maana yake ni kwamba amekataliwa kuingia. Wateja wanasubiri kwenye benchi. Fundi anapigiwa simu, naye anajibu, «Dada, hizo ni kelele tu za Windows. Zima ulinzi wote, weka draiva nitakayokutumia, tumalize kazi.»

Katika kompyuta hiyo mna nakala za vyeti vya watu wengi, namba zao za Kitambulisho cha Taifa, na pengine nywila za akaunti walizofunguliwa hapo hapo dukani. Kwa sababu hiyo ushauri wa fundi huyo, hata kama umetolewa kwa nia njema, haupaswi kufuatwa kabla ya kufahamu ni nani hasa anayekataa na kwa nini.

Mwenye kompyuta hunyimwaje ruhusa katika mali yake?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo inaeleweka. Jibu lake lipo katika namna mifumo endeshi ya kisasa ilivyojengwa. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au ya kusomea tovuti, hufanya kazi katika eneo lenye mipaka: ikiharibika moja, nyingine huendelea. Viendeshi vingi hukaa mahali pengine, katika kiini cha mfumo, ambako karibu hakuna mipaka. Programu iliyofika huko inaweza kusoma kila herufi inayopigwa kwenye kibodi, kuzima programu ya kuzuia virusi, au kuiangusha kompyuta nzima hadi kwenye kile kioo cha bluu ambacho watumiaji wengi wanakifahamu. Kumruhusu kiendeshi kuingia ni sawa na kumkabidhi mgeni funguo za vyumba vyote, si za sebule peke yake.

Kwa hiyo mfumo huweka mlinzi. Tangu Windows Vista, iliyofika kwa watumiaji wa kawaida Januari 2007, hata mtu mwenye akaunti ya msimamizi hufanya kazi zake za kila siku kwa haki za mtumiaji wa kawaida. Haki kamili humjia pale tu anapothibitisha katika kidirisha kinachotokea ghafla na kuuliza kama anakubali programu fulani ifanye mabadiliko. Akaunti ya kawaida haipewi hata nafasi hiyo. Hudaiwa nywila ya msimamizi. Ujumbe wa kukataliwa, basi, mara nyingi hausemi kwamba kompyuta si yako. Unasema kwamba wakati huu hujajitambulisha kama mwenye mamlaka ya kufanya jambo hili.

Kidirisha hicho kina faida ambayo wengi huipita bila kuiona: hutaja jina la kampuni iliyotoa programu. Ukiwa unasakinisha printa ya kampuni unayoifahamu, na kidirisha kikasema kwamba mtoaji hajulikani, hapo ndipo pa kusimama. Kubofya neno la kukubali bila kusoma ni tabia iliyoenea mno, na sisi tunaiona kuwa hatari zaidi kuliko virusi vingi vinavyotangazwa magazetini.

Kusoma ujumbe kabla ya kutenda

Makosa ya ruhusa hayafanani, na namba inayotokea kwenye kioo husaidia kuyatofautisha. Iandike au ipige picha kwa simu kabla ya kufunga dirisha, kwa maana fundi atakayekuja baadaye ataihitaji kuliko maelezo marefu.

Namba 740 humaanisha kwamba programu ya usakinishaji inahitaji haki za msimamizi na haikupewa. Namba 5, au umbo lake refu 0x80070005, humaanisha kukataliwa kufikia faili au sehemu fulani ya mfumo. Ndani ya orodha ya vifaa ya Windows, iitwayo «Device Manager», kifaa chenye alama ya mshangao huweza kuonyesha namba 28, yaani hakuna kiendeshi kilichosakinishwa kabisa, au namba 52, yaani Windows imeshindwa kuthibitisha saini ya kidijitali ya kiendeshi. Mbili za kwanza ni suala la nani anayeomba. Namba 52 ni suala la kile kinacholetwa, na dawa zake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana tunasikitika tunapoona mafundi wakitumia dawa moja kwa yote.

Linapokuwa suala la nani anayeomba, anza na mambo mepesi. Washa upya kompyuta, kwa kuwa sasisho la Windows lililokwama katikati, au usakinishaji uliokatizwa umeme ulipokatika, huacha faili zikiwa zimeshikiliwa na mfumo. Faili ulilopakua likiwa limefungwa katika furushi la zipu, lifungue kwanza lote kwenye folda ya kawaida ndani ya kompyuta. Usiliendeshe likiwa bado ndani ya furushi, wala kutoka kwenye flashi. Kisha bofya faili la usakinishaji kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague «Run as administrator», yaani liendeshe kama msimamizi. Kidirisha kitatokea, utasoma jina la mtoaji, utakubali. Katika visa vingi vya nyumbani jambo huishia hapo. Tahadhari moja ya kifundi: printa nyingi za USB hutaka waya uchomekwe pale tu programu inapoagiza. Ukiuchomeka mapema, Windows huweza kukishika kifaa kwa kiendeshi kisicho chake.

Ukidaiwa nywila ya msimamizi usiyoijua, usitafute programu za kuivunja. Pengine akaunti unayotumia ni ya kawaida na msimamizi ni ndugu aliyeiandaa kompyuta, au ni fundi aliyeiuza. Nywila hiyo ni haki ya mwenye kompyuta, na fundi anapaswa kuikabidhi siku ya mauzo pamoja na risiti. Kompyuta zilizotumika, hasa zile zilizotoka katika ofisi na shule za nje, huja wakati mwingine zikiwa bado zimefungwa kwenye usimamizi wa taasisi iliyokuwa ikizimiliki. Dalili yake ni maandishi kwenye mipangilio yanayosema kwamba baadhi ya mambo yanasimamiwa na taasisi. Kompyuta ya namna hiyo itaendelea kukataa viendeshi, hata ukibofya mara mia, na njia ya uhakika ni kuifuta yote na kusakinisha upya mfumo endeshi baada ya kuhifadhi nakala za kazi zako mahali pengine. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta hizo hujirudisha zenyewe kwenye usimamizi wa taasisi mara tu zinapounganishwa na intaneti. Mnunuzi afanye jaribio hili kabla ya kulipa: aiwashe, aiunganishe na intaneti ya simu, aingie kwenye mipangilio ya akaunti na ahakikishe kwamba yeye ndiye msimamizi. Muuzaji mkweli hatakataa dakika kumi za jaribio.

Printa zinastahili neno la pekee. Katikati ya mwaka 2021 kuligunduliwa udhaifu mkubwa katika huduma ya uchapaji ya Windows, ambao wataalamu waliupa jina la PrintNightmare. Kwa kupitia huduma hiyo, mvamizi aliweza kuingiza kiendeshi cha uongo na kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Microsoft ilitoa viraka vya dharura Julai mwaka huo, na kwa sasisho la tarehe 10 Agosti 2021 ikaamua kwamba kusakinisha kiendeshi cha printa iliyo kwenye mtandao wa pamoja kutahitaji haki za msimamizi. Tangu hapo kompyuta mbili zinazotumia printa moja dukani zinaweza kukataliana ilhali zamani zilielewana. Watu wengi walidhani printa zao zimeharibika. Kinachohitajika ni msimamizi kusakinisha kiendeshi mara moja kwenye kila kompyuta. Kuna wanaoshauri kubadilisha mipangilio ya ndani ya Windows ili kurudisha hali ya zamani. Kufanya hivyo ni kufungua tena mlango uleule uliozibwa.

Inafaa pia kujua kwamba printa nyingi za miaka ya karibuni zenye Wi-Fi zinaweza kufanya kazi kwa kiendeshi cha jumla kilichomo ndani ya Windows. Kabla ya kutumia kifurushi kizima kupakua faili kubwa, ongeza printa kupitia mipangilio ya Windows na ujaribu kuchapa ukurasa mmoja. Huenda ukakosa skana au kipimo cha wino, lakini barua za wateja zitatoka.

Saini inapokataliwa

Tumesema kwamba namba 52 ni habari nyingine. Saini ya kidijitali ni alama ya kihesabu ambayo kampuni huibandika kwenye kiendeshi chake. Faili likibadilishwa hata kidogo baada ya kusainiwa, alama haikubali tena. Matoleo ya Windows ya biti 64 yamedai saini hiyo kwa viendeshi vya kiini tangu Vista, na kuanzia mwaka 2016 Windows 10 iliyosakinishwa upya, kwenye kompyuta yenye uwashaji salama, hudai kwamba viendeshi vipya viwe vimepitia kwa Microsoft yenyewe.

Kiendeshi halali kinaweza kukataliwa kwa sababu zisizo na ubaya wowote. Upakuaji uliokatika njiani huacha faili pungufu. Kompyuta yenye Windows 7 ambayo haikusasishwa kwa miaka mingi haielewi aina mpya ya saini, SHA-2, na ikumbukwe kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Sababu nyingine ni ndogo kiasi cha kuchekesha, nayo huwapata sana wenye kompyuta za zamani: betri ya saa, ile iliyo kama sarafu ndani ya mashine, imekwisha. Kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na kompyuta inayodhani kwamba iko katika mwaka uliopita zamani huweza kuikataa saini au tovuti ambayo, kwa hesabu yake, bado haijaanza kuwa halali. Itazame tarehe iliyo pembeni mwa kioo kabla ya kumwita mtu yeyote. Betri hiyo ni ya bei nafuu kuliko nauli ya fundi.

Baada ya hayo, chanzo kinachofaa ni tovuti ya mtengenezaji wa kifaa au sehemu ya masasisho ya hiari ya Windows. Tovuti zinazotangaza viendeshi vya vifaa vyote vya dunia, na programu zinazodai kwamba kompyuta yako ina viendeshi kadhaa vilivyopitwa na wakati, ziepukwe. Vivyo hivyo flashi ya fundi yenye mkusanyiko wa viendeshi usiojulikana ulikotoka. Andika namba kamili ya modeli iliyobandikwa mgongoni au chini ya printa, kwani herufi moja ya mwisho hutofautisha kifaa kimoja na kingine, na uangalie kama Windows yako ni ya biti 32 au 64.

Ushauri wa kuzima ukaguzi wa saini umeenea sana, na kwa kweli Windows ina njia ya kufanya hivyo kwa muda. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya wahandisi wanaojaribu viendeshi wanavyovitunga. Kwa kompyuta inayohifadhi taarifa za watu wengine, sisi hatuishauri hata kidogo. Ikiwa printa haina kiendeshi kilichosainiwa kwa mfumo wako, kifaa hicho kimezeeka kuliko kompyuta au si halisi, na afadhali kurudishwa dukani.

Haidhuru kusema pia kwamba saini si cheti cha tabia njema. Mwaka 2010 iligunduliwa programu hasidi ya Stuxnet, ambayo viendeshi vyake vilikuwa na saini halali za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron, zilizopatikana kwa wizi. Saini hukuambia faili limetoka kwa nani. Kama faili hilo ni la lazima kwako ni uamuzi wako.

Wanaotumia mifumo mingine hukutana na mlinzi yuleyule katika mavazi tofauti. Kwenye Mac, kiendeshi kilichozuiwa huidhinishwa katika sehemu ya faragha na usalama ya mipangilio. Kwenye Linux, printa na modemu nyingi hufanya kazi bila kupakua kitu, na mtumiaji akikataliwa kutumia modemu ya USB, kwa kawaida ni kwa sababu akaunti yake haijaongezwa kwenye kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kifaa hicho, kundi ambalo katika Ubuntu huitwa dialout.

Fundi anapoingia akiwa mbali

Kutoka Msata hadi kwa fundi mwenye ujuzi ni safari, na kwa hiyo msaada wa mbali kupitia programu kama AnyDesk au TeamViewer ni jambo la kawaida. Programu hizo ni halali. Lakini fundi aliyeingia kwa njia hiyo huona kila kilicho kwenye kioo, na akipewa ruhusa ya msimamizi anaweza kujiwekea nywila ya kuingia tena usiku bila wewe kujua. Kaa mbele ya kompyuta muda wote. Funga kwanza barua pepe na kurasa za fedha. Usimpe mtu yeyote, fundi au la, namba ya siri ya akaunti yako ya fedha kwa simu wala ujumbe wa uthibitisho uliotumwa kwenye simu yako. Hakuna kiendeshi kinachohitaji hayo. Kazi ikiisha, ondoa programu ya msaada wa mbali, badilisha nywila ya msimamizi kama aliiona, na utazame orodha ya akaunti kwenye mipangilio kuona kama kuna iliyoongezwa. Kama programu ya kuzuia virusi ilizimwa, iwashwe kabla fundi hajaaga.

Kuingia katika kompyuta ya mtu kwa makusudi na bila haki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, na ruhusa uliyotoa Jumatatu kwa ajili ya printa si ruhusa ya Alhamisi kwa ajili ya mambo mengine. Shauri la namna hiyo hupelekwa kituo cha Polisi, pamoja na picha za kioo na namba za simu zilizotumika. Mwenye duka naye ana wajibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu. Vyeti vya wateja vilivyosalia kwenye kompyuta baada ya kazi kukamilika havina sababu ya kuendelea kukaa humo, na inafaa vifutwe kabla fundi hajafungua kioo.

Malalamiko kuhusu printa au kompyuta iliyouzwa kwa maelezo ya uongo, au bidhaa bandia yenye nembo ya kampuni inayojulikana, hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kifurushi kilichokwisha kwa namna isiyoelezeka wakati wa kupakua ni malalamiko ya huduma ya mawasiliano: anza na mtoa huduma wako na upokee namba ya kumbukumbu, kisha, usiporidhika na jibu, uje kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kumsikiliza mtumiaji. Taarifa binafsi zikivuja, mlango ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kote huko utaulizwa risiti ya kifaa, tarehe ya tatizo na ile namba iliyotokea kwenye kioo.